Jirani Aliyepiga Magoti Langoni

Juzi harufu ya mikeka katika duka moja la Fordsburg ilinisimamisha, mimi na digrii zangu, nikabaki nanusa mpaka mwenye duka akauliza kama nanunua au nafanya utafiti.

Utotoni tuliishi Bertrams, mtaa mwingine wa jiji hilohilo. Mtoto wa jirani yetu Msamoa alinivunja mkono tukicheza raga, na baba akaapa kwamba lazima shule imfukuze. Kesho yake asubuhi tulimkuta yule jirani amepiga magoti langoni kwetu, amejifunika mwili mzima kwa mkeka laini kama kitambaa. Mwanawe alisimama kando.

"Kwetu Samoa tunaomba msamaha hivi," mtoto alimweleza baba. "Ukimfunua, mzee, umesamehe. Usipomfunua, hatainuka."

"Basi akae," baba akasema.

Akarudi ndani, akanywa chai, akapiga pasi shati lake la kuendea kwa wakubwa. Dirishani niliona jasho likiulowesha mkeka mgongoni.

"Baba watoto, jua limekuwa kali," mama alimwambia. "Mfunue mwenzio."

Saa sita baba alitoka, akamfunua. Lile jitu la mtu lililia, likambusu mikono, likamwachia mkeka kama desturi yao inavyotaka. Baba aliukunja taratibu, akaupachika kwenye mkono wangu mzima.

"Asante, jirani," alisema. "Sasa nipishe, mwalimu mkuu ananisubiri."