Jiko la Uji Ndani ya Mashua

Niseme la aibu kwanza nipumue: nilipiga kelele "Nakufa maji jamani!" maji yakiwa magotini, hatua kumi kutoka nchi kavu, nusu ya Karema ikitazama. Tena nilikuwa nimemng'ang'ania bibi kizee niliyetakiwa kumwokoa. Yeye ndiye aliyeniambia, "Simama vizuri mjukuu wangu, unaniumiza."

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi ni mtu wa kijiji cha Mamba, mbali na ziwa, mtoto wa mpunga. Shule niliiacha darasa la tatu, au yenyewe iliniacha, hatujakubaliana mpaka leo. Nikateremka ziwani Karema kutafuta kazi, nikampata tajiri mmoja mwenye mashua ya tanga. Alikuwa anaiandaa kumpeleka mama yake Ujiji. Habari ilifika kwamba dada yake bibi yule, ndugu pekee aliyebaki, yuko kitandani hajiwezi, na walikuwa hawajaonana miaka mingi. Safari yenyewe wiki na zaidi, mnalala humohumo, mnapika humohumo.

"Mashua unaijua?" tajiri akaniuliza.

"Nimezaliwa ndani yake," nikajibu. Nilikuwa sijawahi kupanda hata mtumbwi.

Wanamaji walikuwa wawili. Mmoja, mrefu, mwenye mdomo, ndiye baadaye akawa rafiki yangu. Siku ya kwanza akaniita, "We mtu wa mpunga! Jaza mitungi sita maji ya kunywa, safari ndefu hii." Nikabeba kutoka kisimani mpaka shingo ikazama mabegani. Nilipomaliza wakacheka mpaka wakakaa chini. Ziwa lote lile watu wanalinywa! Mimi mwalimu alinifundisha kwamba maji mengi namna ile huwa ya chumvi, na hilo ndilo somo pekee nililolishika.

Kazi yangu ikawa jiko. Fundi alikuwa ameshaziba nyufa zote za mbao kwa pamba na lami. Yule mrefu akaniambia, "Weka kwanza kasha la mchanga, jiko likae juu yake."

Nikajisemea, leo hamnipati. Mchanga umejaa ufukweni, niupakie kwenye mashua ukatembee? Nikafinyanga jiko la udongo juu ya mbao zenyewe, kama la mama nyumbani. Bibi akaja kuliona, akalipapasa.

"Nitakunywa uji wa moto mpaka kwa dada yangu," akasema.

Nikavimba kichwa. Ili likauke upesi, nikaliwashia moto kutwa nzima. Chini yake lami ikayeyuka, pamba ikaungua, na hakuna aliyeona kwa sababu jiko lenyewe limefunika.

Asubuhi ya kuondoka tukaisukuma mashua majini, bibi ameshakaa kwenye mkeka wake na kuku wawili. Maji yakachomoza chini ya jiko, udongo ukamomonyoka, mashua ikakaa chini taratibu kama ng'ombe anayelala. Hapo ndipo nilipotoa ile sauti yangu.

Tajiri hakunitukana. Aliuliza tu, "Mchanga uko wapi?"

Nikanyoosha mkono, nikamwonyesha ufukwe mzima. Hakucheka mtu.

Siku tatu zilipotea: kuivuta, kuikausha, kuziba upya. Tajiri alitaka kuniacha. Bibi akakataa, "Aje. Uji atanipikia nani?" Halafu akarudi kukaa mchangani kutwa, uso kaskazini, Ujiji kwa dada yake. Mi nikapakia kasha la mchanga mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na mzaha hata mmoja.

Tulifika siku ya tisa. Dada yake alikuwa hai. Wakalala kitanda kimoja, wanasimuliana mambo ya utoto, wanacheka kama wasichana wanaojificha mama asisikie. Siku nne. Ya tano asubuhi dada akafariki.

Baada ya maziko nilikaa nje na sahani ya wali, nikihesabu. Nne na tatu ni saba. Ningeweka ule mchanga, zingekuwa saba. Sahani nikaiweka chini. Yule mrefu akaja akakaa karibu yangu, akatazama sahani.

"Bibi kapata siku nne," akasema. "Mi kwa mama yangu nilikuta kaburi. Kula."