Goti Lililopimwa Kama Suruali

Kitu cha kwanza kuonekana kwa fundi huyu wa nguo kilikuwa mstari wa chaki kwenye goti la kushoto, chini kidogo ya pindo la kaptula. Wateja wenye huruma walitaka kumpangusa, naye aling'aka kweli kweli. Mstari ule ndio uliomwonyesha pa kuzungushia futi kila asubuhi kabla ya chai.

Goti hilo lilikuwa na miaka sita likivimba na kunywea. Kila alipokwenda zahanati, daktari alimwambia, bila kuinua macho kwenye karatasi zake, kwamba huo ni umri, anywe maji. Fundi alikuwa na miaka arobaini na minane. Alichotaka ni barua tu ya kumfikisha kwa bingwa wa viungo, na barua hiyo daktari aliibania kama mali ya urithi.

Basi fundi akaamua kwenda na ushahidi. Kwa miezi mitatu alijaza daftari: unene wa goti, maumivu, usingizi, chakula, mvua, hata siku ambazo mama mkwe alipiga simu. Mkewe alipoiona safu hiyo ya mwisho, aliuliza safu ya dada zake fundi iko wapi. Haikuwepo.

Daktari alilifungua daftari kwa ncha za vidole. Asubuhi hiyo goti lilikuwa limeandikwa inchi kumi na nane. Akalipima mwenyewe, akapata kumi na sita.

"Fundi, goti limepungulia njiani, au umeniletea la jirani?"

Nesi alicheka mpaka akaegemea mlango. Fundi alirudi nyumbani bila barua, ameapa kulichoma daftari.

Mkewe, ambaye hakujaliwa kubembeleza, alimtaka apime mbele yake. Fundi akazungusha futi, akapenyeza vidole viwili kati ya futi na ngozi, akasoma, akaandika.

"Hivyo vidole vya nini, baba watoto?"

"Vya kupumulia. Suruali ikibana goti, mtu atakaaje?"

"Na hiyo suruali unamshonea nani?"

Mkewe akachukua kalamu, akapunguza inchi mbili kila ukurasa. Kupanda na kushuka kukabaki vilevile. Simu za mama mkwe zilikuwa zimetapakaa siku nzuri na mbaya, mama wa watu akatoka bila hatia. Lakini kila baada ya wiki mbili goti lilivimba siku tatu, fundi awe amekanyaga cherehani au amelala kutwa.

"Umri gani huo," mkewe akauliza, "unaokuja kwa zamu na kuondoka?"

Swali hilo mkewe atalipeleka kwa daktari mwenyewe. Miadi ni Alhamisi, na ameshaomba ruhusa kazini. Kwa hesabu ya daftari, zamu ya kuvimba inaanza siku hiyohiyo. Leo ni Jumanne na goti limesoma kumi na tano kamili, jembamba, halina hata dalili. Fundi amelikodolea macho tangu asubuhi, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita analiombea livimbe.