Redio niliyoificha kwenye TV ya Bi Zuwena, Maskati

Wakuu, habari za mchana. Naandika nikiwa dukani, hakuna mteja, na hili jambo limenikaa kooni miezi sasa.

Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, na pale nilipokosea sitajisafisha.

Mimi ni mtu wa Voi, huu ni mwaka wangu wa sita Oman. Duka letu liko Hamriya, hapa Maskati, jembamba kama korido, upande mmoja fundi cherehani na upande wa pili jamaa wa kuuza laini za simu. Nafunga TV ukutani, navuta nyaya, na siku hizi kazi kubwa ni kuweka app za playlist kwenye smart TV.

Kwa wasiojua: ile app ukiifungua mara ya kwanza ni kabati tupu, haina kitu. Inakuonyesha namba mbili tu, MAC address na key. Unachukua simu, unaingia kwenye website yao, unaandika zile namba, unabandika link ya playlist. Unarudi kwenye TV, una-reload, channel zinashuka zenyewe.

Dakika kumi kazi imeisha, ukiondoa ile nusu saa ya kumtafuta mtu wa nyumba anayeijua password ya wifi.

Playlist naipanga mwenyewe, TV na redio za bure zinazopatikana mtandaoni. Qur'an kundi lake, mawaidha kundi lake, tamthilia, mpira, za nyumbani.

Sasa kuna kitu kimoja kwenye kazi hii ambacho ndicho kilichoniponza. Zile namba za kila mteja ninazo kwenye daftari. Nikiwa hapa kwenye kiti changu naweza kuongeza channel au kuitoa kwenye TV ya mtu aliyeko Wadi Kabir bila kunyanyuka. Nilikuwa najivunia sana hilo.

Wateja wangu wengi ni Waomani wenye asili ya Zanzibar. Mafundi wa Kihindi wamejaa huku na wengine wananizidi kazi mbali sana. Lakini bibi wa miaka themanini anataka mtu wa kumwambia kwa Kiswahili kwamba rimoti haijaharibika, ameishika kichwa chini.

Basi akanipigia mama mmoja, nitamwita Muna. Anafanya kazi serikalini. Kanunua TV mpya ya chumbani kwa mama yake, Bi Zuwena, ambaye miguu imechoka na moyo unasumbua, haondoki kitandani ila kwa kushikwa. Ndani kuna dada wa kazi, Mercy, Mkisii, ndiye anayeshinda naye.

Muna akanipokea mlangoni. Kabla sijavua viatu akaniambia, tena kwa sauti ya chini, nisimwekee mama channel za Zanzibar. Hata moja. Niweke Qur'an, mawaidha na tamthilia za Misri, khalas.

Nikauliza kwa nini. Akasema hazimfai, moyo wake mbovu.

Wakuu, hapa ndipo ubaya wangu ulipoanzia. Huku nimeonana na watu wa kila namna, na wamo wachache ambao ukiwasemesha Kiswahili mbele ya wageni wanajibu kwa Kiarabu, kama vile hawakuzaliwa na mama aliyezaliwa Unguja. Inaniuma, nakiri. Nikajisemea, haya, mwingine huyu wa kukataa kwao, na sasa anamkatalia mpaka mama yake.

Kwamba alikuwa ananiambia yote hayo kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, hilo sikulipima.

Nikaingia chumbani, nikaamkia, Bi Zuwena akaitikia kwa bashasha. Akaniuliza kwetu wapi, wazazi wazima, nimeoa. Nikiwa nahangaika na herufi za wifi akauliza, "Mwanangu, redio ya kwetu imo humo?"

Muna akanitangulia. Akasema redio ile imefungwa siku hizi, mama.

Nikamtazama. Haijafungwa. Nilikuwa nayo kwenye playlist, nimeiweka nyumba kumi na kitu.

Bi Zuwena akatikisa kichwa. "Simu ya Nasra imeharibika, redio imefungwa. Kwetu kumeingia nini mwaka huu?"

Nasra ni mdogo wake, yuko Unguja, walikuwa wakipigiana kila Ijumaa. Hayo nilikuja kuyajua baadaye kwa Mercy. Siku ile nilimaliza kazi, nikaaga, nikatoka nimemkasirikia Muna.

Siku tatu baadaye ikaingia voice note kutoka simu ya Mercy. Sauti ya bibi.

"Mwanangu, nnakuomba. Huyu msichana kanambia redio ipo, ila kwenye hii TV haimo. Nnataka nisikie watu wa kwetu wanavyosema tu, nisikie hata bei ya nazi. Nna siku ngapi mie?"

Niliisikiliza mara mbili. Nikafungua daftari, nikaingia kwenye website, nikamwongezea.

Nikaona Muna akishika rimoti ataiona. Kwa hiyo nikaiweka kwenye kundi la mawaidha, nikaipa jina "Mawaidha 2", na picha ndogo ya msikiti pembeni. Nikamwambia Mercy wafungue mama mwenye nyumba akiwa kazini.

Jioni ile nilijiona mtu wa maana sana. Nilimsimulia hadi yule fundi cherehani.

Kwa wiki mbili Mercy alikuwa ananiletea habari njema. Bibi anacheka na watangazaji. Bibi amekula bila kubembelezwa. Bibi anamfundisha Mercy majina ya mitaa ya Mji Mkongwe.

Sasa mliokulia Pwani mnajua, redio za kule zina saa ya matangazo ya vifo. Linasomwa jina la marehemu, binti fulani au bin fulani, mtaa, saa ya maziko, kisha linaorodheshwa jamaa mmoja mmoja na waliko: Pemba, Dar, Dubai, Maskati. Habari ziwafikie. Na si vifo tu, hata hitma, ile Qur'an anayosomewa marehemu, zinatangazwa.

Na mimi nilijua. Nimekaa kwenye sebule za wateja, nikaona saa ile ikifika watu wanavyonyamaza, hata watoto wanazibwa midomo. Nilijua, na haikunipitia akilini.

Siku hiyo walikuwa wawili chumbani, Mercy anamkanda miguu. Yakaanza matangazo. Hitma ya arubaini ya marehemu Bi Nasra binti Salim, itasomwa kesho baada ya alasiri nyumbani kwake Malindi, Unguja. Habari ziwafikie jamaa wote popote walipo, akiwemo dada yake Bi Zuwena binti Salim aliyeko Maskati, Oman.

Aliyeandika tangazo aliandika ndugu wote kama desturi. Hakuwaza kwamba huku kuna anayefichwa.

Arubaini, wakuu. Siku arobaini mdogo wake yuko chini ya ardhi, na yeye kila Ijumaa anauliza kama simu imetengenezwa.

Mercy anasema bibi hakulia. Alimwambia azime, kisha akataka kugeuzwa upande wa ukutani. Akakaa hivyo mpaka Muna aliporudi kazini.

Muna kaingia, kambusu mkono, kamuuliza ameshindaje. Bi Zuwena akauliza, "Nasra hajambo?"

Muna akajibu, "Hajambo, mama. Jana nikiwa kazini nimempata kwa simu ya jirani yake, anakusalimia sana."

"Ukimpigia tena," Bi Zuwena akasema, "mwambie hitma yake nimeisikia."

Mercy alinisimulia haya kwa voice note akiwa jikoni, ananong'ona.

Kesho yake Muna akaniita nyumbani. Nilikwenda, ningekataaje. Kwenye mlango hakuna hata salamu, akanikalisha kwenye majlisi, sebule ya wageni, peke yetu na mlango wazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Hakupiga kelele.

Aliniambia daktari aliwakataza kumpa mshtuko mpaka moyo utulie. Kaka yake alikuwa anakuja kutoka Uingereza, anafika baada ya siku nane. Walikubaliana wakae wote wawili, mmoja kila upande, daktari akijua, ndipo wamwambie. Mwezi mzima yeye ndiye aliyebeba ule uongo. Kila Ijumaa alikuwa anaingia chooni analia maji yakiwa yamefunguliwa, kisha anatoka na salamu za mtu aliyekufa.

"Nilikwambia kwa mdomo wangu, fundi. Usimwekee. Ulidhani nakataa kwetu?"

Ndicho hasa nilichodhani.

Nikamwambia nitaitoa sasa hivi. Akasema nenda kamuulize mwenyewe, maana mimi hanisemeshi.

Nikaingia. Bi Zuwena alikuwa ameegemea mito, macho makavu. Shikamoo yangu akaiitikia. Akaniuliza kama nami nilijua. Nikaapa sikujua, nilitaka kumfurahisha tu.

"Nnakusadiki," akasema. "Lakini mbona uliipa jina la uongo?"

Nikaanza kueleza habari ya kumkwepa Muna. Akanyanyua mkono, nikanyamaza.

"Huyu kanificha kwa kunihurumia, nawe ukamficha yeye kwa kunihurumia. Mimi huruma zenu zimenichosha. Usiitoe. Iandike jina lake la kweli."

Nikaibadilisha pale pale kwa simu, nikakosea herufi mara mbili. Nika-reload. Akaomba rimoti, akaisoma, akairudisha mezani.

Toka siku hiyo, kwa maelezo ya Mercy, Bi Zuwena hakusikiliza tena bei ya nazi wala watangazaji wanaochekesha. Alikuwa anafunguliwa saa ya matangazo tu. Anasikiliza majina mpaka la mwisho, kisha anasema zima. Kaka mtu alipofika kutoka Uingereza akamwambia wajukuu wote huko wanamsalimia. Bibi hakuitikia, akasubiri saa yake ya redio.

Na Muna, aliyekuwa akimchana nywele kila asubuhi kabla ya kazi, akawa anakataliwa. Mercy ndiye aliyechana. Muna anasimama mlangoni na mkoba wake, anatazama, halafu anaenda zake.

Nilimwomba Mercy anisaidie nimtake radhi tena Muna. Akaniambia niache, nyumba ile haina nafasi ya maneno yangu. Nikaacha.

Ikapita miezi. Wiki iliyopita niko Ruwi, kwenye mgahawa wa mzee mmoja Mzanzibari, nimemfungia TV juu ya kaunta. Ilikuwa mchana, watu wanakula. Channel zikashuka vizuri, nikachagua ile redio kujaribu sauti kwa sababu haikatikikatiki.

Ilikuwa saa ya matangazo. Mzee akanyanyua kidole, mgahawa mzima ukatulia.

Kifo cha Bi Zuwena binti Salim, kilichotokea Maskati, Oman. Maziko yamekwishafanyika huko huko. Habari ziwafikie jamaa wa Malindi, wa Chake Chake, wa Dar es Salaam.

Nilikuwa juu ya ngazi na bisibisi mkononi. Mzee akaniuliza kama namjua marehemu, maana uso wangu umebadilika. Nikasema nilimfungia TV.

Akasema Inna lillahi. Kisha akauliza kama sauti iko sawa. Nikasema iko sawa.

Nilimpigia Mercy jioni. Bibi alikuwa amekufa siku mbili nyuma, usingizini. Nikamuuliza kama walipatana na Muna. Akasema hapana. Hawakugombana tena, ila mpaka mwisho hakuwahi kumuuliza mwanawe habari ya mtu yeyote. Ndugu, jirani, hakuna. Akitaka kujua nani mzima na nani kafa, anasubiri redio.

Sisi mteja akifariki au akihama, tunafuta playlist yake ili daftari lisijae. Jana nikafungua ukurasa wake, nikaandika zile namba mbili, mshale nikaufikisha kwenye delete. Nikashindwa. Nikamwandikia Muna ujumbe, mara ya kwanza toka siku ile: nimempa pole, nimemwomba radhi, nimeuliza kama niifute.

Amejibu leo asubuhi, mstari mmoja. "Iache fundi. Nami naisikiliza saa ile ile."

Wakuu, somo nililolipata mimi ni fupi. Mwenye nyumba akikukataza jambo, uliza kwa adabu, na akikataa kukueleza, jua kuna kitu hukioni. Kinyongo changu kuhusu watu wasiotaka kwao nilikiingiza kwenye TV ya mtu asiyehusika. Na kile kiburi cha kuweza kuingia nyumba za watu nikiwa nimekaa kwenye kiti, nimekikoma. Siku hizi siongezi wala sitoi kitu bila kumpigia aliyenipa kazi.

Ila kuna moja limenishinda, na ndilo lililonileta hapa. Mliowahi kufichwa msiba, au mliowahi kuuficha, niambieni kwa uaminifu. Yule bibi angesubiri zile siku nane, akaambiwa na wanawe, angekufa akiwaamini?

Matusi pia nayapokea, nastahili kiasi chake. Nipo hapa dukani, nasoma.