Risasi Isiyolia

Mume wangu alifariki tarehe 9 Agosti 1989. Nilianza kusoma tarehe 14 Januari 1991, nikiwa na miaka thelathini na minne, huku shoga zangu wakiniuliza kama herufi zitanipikia. Hazikunipikia. Zilinifundisha nisichopaswa kupika.

Bustani zetu zilikuwa bondeni Tunduma, chini ya gereji za malori. Mtaro uliozimwagilia ulipita kwanza kwa mafundi, waliopasua betri mbovu na kumwaga maji yake humo humo. Chainizi ilitoa majani mapana kama ungo, nasi tukajisifu kwamba tuna mkono wa kilimo. Mjukuu wangu wa miaka mitatu, niliyemlea peke yangu, aliila kila siku.

Jumanne, tarehe 14 Machi 2006, bwana shamba alitukusanya kando ya matuta. Alizungumza kama mtu anayewahi gari.

"Kina mama, maji haya yana risasi. Na mboga hizi zina risasi."

Jirani yangu, mzaliwa wa Itaka mwenye ulimi mwepesi, aliinua jani juani. "Tundu lake liko wapi, bwana shamba? Au mpigaji alikosa shabaha?"

Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Hilo ningelisamehe. Sikumsamehe bwana shamba, aliyecheka pamoja nao. Alikuwa na neno moja lenye maana mbili, akashindwa hata kuzitenganisha. Akafunga daftari lake, akaenda zake.

Nikasimama mimi. Niliwaeleza kwamba risasi hiyo ni madini mazito yaliyomo ndani ya betri, kwamba mmea huyanywa pamoja na maji, na kwamba huweza kuharibu ubongo wa mtoto kabla mama hajaona dalili yoyote.

"Msikilizeni mwanafunzi wa ukubwani!" alisema jirani. "Mnavu tunauchemsha, tunamwaga maji ya kwanza, uchungu unakwisha. Hiyo risasi yako ina jeuri kuliko mnavu?"

"Wewe ulishachemsha jembe likaisha?"

"Mimi sili majembe, mama."

Wakacheka upya. Nakiri jibu lilikuwa zuri. Ujinga haujawahi kukosa ufasaha.

Alhamisi, tarehe 16, niling'oa mboga za matuta yangu yote manne na kuchimba shimo. Jirani alikuja mbio na beseni.

"Jamani mama, usitupe baraka! Nipe mimi, wanangu watakula."

"Ndiyo sababu sikupi."

Nikafukia mbele ya macho yake. Aliniita mjane mwenye roho mbaya, akaenda na beseni lake hadi kwenye tuta lake mwenyewe, akalijaza pomoni.

Jioni ile nilipika maharage. Mjukuu wangu aliisukuma sahani, akalia akidai mboga ya bibi. Mkono wangu haukumbembeleza. Nilimwacha alie mpaka njaa ilipomshinda, akala.