Shanga Iliyovuka Mstari

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika karakana kabla mlango haujafunguliwa, nikiwa nimevaa gauni la dada yangu na nimembeba mtoto wa miezi minne mgongoni. Jina langu ni Akiru. Wazazi wangu walitoka Turkana wakafuata kazi hadi Isiolo, na mimi nikazaliwa hapa mjini. Karakana ilikuwa ya misheni: chumba kirefu cha mabati, cherehani sita za kukanyaga, na meza moja ndefu iliyojaa vitambaa, pamba na mikebe ya shanga. Wanawake wa kila kabila la Isiolo walifanya kazi humo, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kuokotaokota, lakini tulielewana.

Mkubwa wetu alikuwa Sista Msimamizi, mtawa kutoka upande wa Meru, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambayo hakuna aliyetaka kuambiwa mara mbili nayo. Alimimina shanga za rangi tano katika bakuli moja, akazikoroga kwa kidole.

"Zitenganishe," akasema. "Ukimaliza tutaongea."

Nilitenganisha asubuhi nzima. Mtoto alilia, nikamnyonyesha, nikaendelea. Saa sita alikuja, hakuangalia hata marundo. Aliangalia mikono yangu.

"Mikono yako haina haraka. Hiyo ndiyo nilikuwa natafuta. Kaa pale kando ya Darmi."

Darmi alikuwa Mborana wa Korbesa, huko Merti, aliyenizidi umri kwa miaka michache. Yeye ndiye alikuwa fundi mkuu wa kudarizi. Nilimwambia habari, akanijibu salaam aleikum, kisha akacheka, akasema, "Habari, basi." Tangu siku hiyo mtoto wangu Ekal alilala kwenye kapu la vitambaa chini ya cherehani yake, maana mlio wake wa kukanyaga ulimtuliza kuliko nyimbo zangu.

Ninyi vijana mnaotumia mashine za kompyuta, mnabonyeza picha na ua linajichora lenyewe, hebu niwaeleze vile tulivyofanya. Cherehani ya kawaida ina mguu mdogo wa chuma unaokandamiza kitambaa, na chini yake kuna meno yanayokisukuma mbele. Ukitaka kudarizi unaung'oa ule mguu na kuyashusha meno. Sasa kitambaa hakishikwi na kitu. Unakikaza katika fremu ya duara ya mbao, unakanyaga kwa miguu, na mikono inakizungusha chini ya sindano, mbele, nyuma, pembeni. Sindano inaruka mahali pamoja tu; anayechora ni mkono. Darmi alichora hivyo ndege, majani, hata kwato za mbuzi, bila kuweka alama yoyote ya kumwongoza.

Baada ya kudarizi kulikuwa na kazi ya tabaka. Vitabu vinaiita mfarishi. Sisi tuliita blanketi la vipande. Chini unatandika kaliko, kitambaa cha pamba kisicho na rangi, katikati pamba, juu kile kitambaa kilichodariziwa, kisha cherehani inapitisha mishono katika tabaka zote tatu, kufuata mistari ya chaki, mpaka picha inavimba kama kitu kilicho hai. Nyuzi nene za katani na sufu ya kondoo zilishikizwa juu kwa mkono. Shanga zilikuja mwisho kabisa, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Zilikuja mwisho kwa sababu moja: sindano ya cherehani ikigonga shanga inavunjika, na kipande chake hakuna ajuaye kitaruka wapi.

Nilifanya hiyo kazi kando ya Darmi miaka mitatu. Wakati wa Ramadhani nilikula chakula changu nje nisimtamanishe, na Krismasi yeye ndiye alimshonea Ekal shati. Nasema haya ili mjue hatukuwa watu wa kusalimiana tu.

Kisha likaja agizo la hoteli moja ya watalii. Walitaka pazia kubwa la ukutani lenye kundi la kanga, wale ndege wa madoadoa, juu ya kitambaa cheusi. Walilitaka kabla wageni wao hawajafika, na siku zilikuwa chache. Sista Msimamizi alituita mezani.

"Tukifuata utaratibu hatutamaliza," akasema. "Akiru ataanza shanga upande huu wakati Darmi anashona tabaka upande ule. Mtafanya pamoja."

Darmi hakupenda. "Sista, shanga ni za mwisho."

"Najua shanga ni za mwisho. Chora mistari ya chaki mahali utapita na cherehani. Akiru akae mbali na mstari, vidole viwili."

Darmi akachora. Nami nikashona madoadoa ya kanga, shanga nyeupe na buluu iliyokolea, siku mbili bila kuinua kichwa. Siku ya tatu, karibu na saa ya chai, niliona nimekosea. Kwenye ncha ya bawa moja shanga ya buluu ilikuwa imevuka mstari. Moja tu, na juu ya ule weusi ilionekana kwa shida. Mkasi ulikuwa mkononi. Lakini kengele ya chai ililia, na Ekal alikuwa ameanguka nje na analia, nikasema nitaifumua nikirudi.

Niliporudi Darmi alikuwa ameshakaa, anakanyaga. Alitaka kumaliza upande ule kabla ya swala ya alasiri. Nilisimama nyuma yake. Ningesema neno moja tu, "Ngoja," na angengoja. Lakini Sista alikuwa palepale anaangalia, nami sikutaka asikie kwamba mikono isiyo na haraka imekosea. Nikajiambia pengine sindano itaipita. Pengine hatafika huko.

Ikasikika ta! Sauti ndogo, kama ukucha unaokatwa. Darmi hakupiga kelele. Aliacha kukanyaga, akaweka kiganja juu ya jicho la kulia, akasema polepole kwa Kiborana neno ambalo sikulielewa. Damu ikapita kati ya vidole.

Alipelekwa hospitali, na jicho halikuokolewa. Kesho yake Sista Msimamizi alilitandaza lile pazia mezani mbele yetu sote. Mikono ya watu waliokimbilia kumsaidia Darmi ilikuwa imefuta chaki yote pale kwenye bawa. Mstari haukuonekana tena.

"Nataka kujua kitu kimoja," Sista akasema. "Shanga ilivuka mstari, au fundi alivuka mstari?"

Akanigeukia mimi.

"Akiru. Wewe ndiye ulishona shanga. Ilivuka?"

Baba Ekal alikuwa ametuacha, na mtoto hakuwa na mtu ila mimi. Hicho ndicho kisingizio changu, na nimekibeba miaka yote nikikijua ni kisingizio. Nilimwambia, "Sijui, Sista."

Akaandika katika daftari la karakana kwamba fundi alitoka nje ya mstari kwa kukosa uangalifu. Darmi hakurudi kazini. Ndugu zake walikuja na lori la ng'ombe lililokuwa linarudi Merti, wakampandisha mbele karibu na dereva. Mimi sikutoka nje kumuaga. Nilisikia lori likiondoka, mkono wangu uko ndani ya mkebe wa shanga. Baada ya wiki mbili nilipewa cherehani yake. Ekal alilia sana siku hiyo, maana sikujua kukanyaga kama Darmi.

Nilipanda cheo. Nilitumwa kijiji cha Leparua kufundisha kikundi cha akina mama, ambako mkubwa wangu alikuwa Mwenyekiti wa Kikundi, mama mmoja asiyejua kusoma lakini aliyeweza kuhesabu mishono kwa kupapasa. Huko nilijifunza kufuma shanga juu ya ngozi. Nikarudi mjini nikawa msaidizi, halafu mwalimu. Kila darasa nililofundisha, siku ya kwanza nilisema shanga huja mwisho. Wanafunzi waliuliza kwa nini, nami nilijibu sindano itavunjika. Sikuendelea zaidi ya hapo.

Sista Msimamizi alihamishwa, akaja mkubwa mwingine tuliyemwita Mratibu, kijana msomi mwenye pikipiki. Ekal alikuwa ameshamaliza shule zamani na ana watoto wake siku ambayo Mratibu aliniita ofisini.

"Mama Ekal, kuna kikundi kimeanza Merti. Wanatumia nywele za ngamia, lakini hawajui kuchanganya na kitambaa. Utakuwa unaenda kila baada ya wiki tatu. Wengi wao wanatoka Korbesa."

"Mtume mwingine," nikasema.

"Nimtume nani? Hakuna mwingine anajua."

Nilienda kwa pikapu, nimekaa juu ya magunia ya unga, nikiomba nisimkute Darmi na nikiomba nimkute. Nilimkuta. Alikuwa ameketi kwenye mkeka nje ya nyumba ya kikundi, anasokota nywele za ngamia pajani kwa kiganja, uzi unatoka mwembamba, sawasawa, kama umetoka kiwandani. Upande wa kulia wa uso wake ulifunikwa na mtandio. Alinisikia nikiongea na wengine, akainua kichwa.

"Hiyo ni sauti ya Akiru."

Wenzake walipoingia ndani kuandaa chai nilikaa chini mbele yake, nikasema yale niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, yakatoka bila mpangilio. Nilimwambia shanga ilivuka. Niliiona. Nilisimama nyuma yake na nikanyamaza.

Hakuacha kusokota. "Chaki ilikuwa yangu," akasema. "Nilichora mwenyewe. Unadhani sijui nilishona wapi?"

"Ulijua?"

"Tangu siku hiyo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Akaukata uzi kwa meno. "Hospitali nilingoja. Nikasema leo Akiru atakuja. Nikasema ana mtoto, anaogopa, atakuja kesho. Lori lilipokuja bado nilikuwa nangoja, nikaangalia mlango kwa jicho hili moja lililobaki. Halafu nikachoka, Akiru. Mtu hawezi kungoja maisha yake yote. Nikaanza kusokota."

Nililia. Yeye hakulia, wala hakunigusa bega kama watu wanavyofanya. Chai ikaletwa, tukanywa. Sikuthubutu kuomba msamaha kwa sauti, na yeye hakuutoa. Lakini nilipoinuka aliniita.

"Kuna kazi nataka kufanya na huu uzi. Ukija tena, kuja na sindano kubwa na kitambaa kizito. Na kuja na chaki."

Mtu mwenye jicho moja hana shida ya kuona. Shida yake ni kujua kitu kiko mbali kiasi gani. Darmi alipojaribu kutunga uzi kwenye sindano aliupitisha kando, tena na tena. Basi kila safari nilimtungia sindano ishirini, nikazichoma kwenye kipande cha blanketi, azitumie mpaka nirudi. Tulifanya hivyo miaka minne. Yeye alilaza nyuzi za ngamia juu ya kitambaa kama mito mikavu inayoingia mto Ewaso Nyiro, mimi nikashona tabaka kwa mkono, na mwisho kabisa, akiwa amepapasa kila mahali kwa kidole, alisema, "Sasa weka shanga." Tulizungumza juu ya mvua, bei ya mbuzi, watoto. Habari ya jicho hatukuirudia hata mara moja.

Nilistaafu mwaka ule magoti yangu yalipokataa pikapu. Karakana ilinipa keki na hotuba. Nilimwomba msimamizi wa sasa, msichana mpole, anionyeshe madaftari ya zamani; nilitaka kusahihisha mstari mmoja. Alisema, "Pole, Mama, yale yote yalishaliwa na mchwa." Nilimtafuta hata Sista katika nyumba ya watawa wazee. Alinishika mkono akauliza kama mimi ni mmoja wa wapishi. Kumbe ukichelewa kusema kweli, unafika siku ambayo hakuna aliyebaki wa kumwambia.

Miezi michache baadaye simu ilitoka Korbesa kwamba Darmi amefariki. Alikuwa amezikwa siku ileile, kama ilivyo desturi yao. Nilifika siku ya nne, magoti yakilalamika. Binti yake, Kabale, alizaliwa baada ya mama yake kurudi nyumbani, na sasa ni mama wa watoto wawili. Alinitandikia mkeka. Nilimpa pole, kisha nikamwambia. Yote: ile shanga, kengele ya chai, "Sijui, Sista."

Kabale alinyoosha ukingo wa mkeka kwa kiganja.

"Mama alituambia ni cherehani ilimuumiza," akasema. "Hakutaja mtu."

"Haikuwa cherehani."

"Na sasa unaniambia, mimi nifanye nini nayo?"

Nilikuwa nimebeba mzigo njia yote ili niutue, na sasa niliona nimeutua juu ya magoti ya mtoto wa mwenye haki. Nilianza kutafuta fimbo yangu niinuke. Yeye aliangalia uani, ambapo nguo za mama yake zilikuwa zimeanikwa ili zigawiwe watu.

"Mimi sikuwahi kumwona na cherehani," akasema. "Hata siku moja. Hakutaka iwe ndani ya nyumba. Wewe ulimwona?"

"Miaka mitatu. Kila siku."

"Alikuwa anashona aje?"

Nikaiweka fimbo chini. Nikanyoosha mikono yote miwili mbele yangu, vidole vimetanuka kama vimeshika fremu, nikaanza kumwonyesha.