Tangazo lilibandikwa, wanaume wakaitikia, na hakuna mtoto wa kike hata mmoja aliyekuja

Wakuu, assalaam alaykum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo nyote.

Hiki ni kisa cha ujana wangu, Mombasa ya Mji wa Kale, miaka ya arobaini, vita vikubwa vikiwa vimekwisha juzi juzi tu. Wengi wa waliokuwemo wameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo sina wa kumsifia wala wa kumwogopa. Nitaeleza nilivyoona. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Kilichonikumbusha ni kitukuu wangu. Skuli yake ina group la WhatsApp la wazazi, na mama yake analalamika kila siku kuwa mwalimu mkuu anaandika wee, lakini mkutanoni wanakuja watu wa kuhesabika. Nikacheka peke yangu. Haya niliwahi kuyaona.

Alfajiri moja nilitoka kwetu Takaungu bila mpango wowote. Sikuwa nimegombana na mtu. Niliamka tu nikaona njia, nikaifuata. Nilikuwa kijana wa kama miaka ishirini. Skuli niliiacha darasa la tatu, na siku niliyoacha hakuna aliyekuja kwetu kuuliza kulikoni. Lakini kusoma kwenyewe sikukuacha. Kila kilichoandikwa nilikisoma, hata karatasi ya kufungia sukari.

Nikavuka Mtwapa kwenye kile kivuko cha minyororo, watu wanavuta huku wanaimba, na kufika alasiri nikawa Ndia Kuu, mtaa wa Mji wa Kale, natazama maduka na milango.

Ukutani karibu na skuli ya wavulana kulikuwa na tangazo. Wazee watatu walikuwa wamesimama mbele yake na hakuna aliyekuwa akilisoma, maana lilikuwa kwa herufi za Kizungu, na wao walizoea za Kiarabu. Nikawasomea kwa sauti. Lilisema msimamizi wa skuli anafungua darasa la watoto wa kike, nyumba imekwisha kodiwa, mwalimu amekwisha kuja, wazazi wahudhurie mkutano.

Nilipomaliza nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Soma tena."

Ndiye msimamizi mwenyewe. Mzungu mrefu, ameshika baiskeli, shingo nyekundu kwa jua. Mjini walimwita Bwana Skuli. Kiswahili alikijua, cha kitabuni lakini kizuri. Palepale akanipa kazi ya utarishi, na pa kulala: chumba cha chini ya ngazi katika ile nyumba ya darasa. Mimi niliyetoka kwetu bila mpango nikawa na kazi na mlango kabla ya magharibi.

Basi mkutano ukafanyika, katika skuli ya wavulana. Wanaume walijaa. Wenye maduka, mafundi, masharifu wawili. Bwana Skuli akaeleza vizuri sana: usafi, hesabu, kusoma, faida ya binti aliyesoma. Wakamsikiliza kwa adabu.

"Tumesikia, Bwana," mmoja akasema. "Ni jambo jema."

"Jambo jema," wengine wakaitikia.

Bwana Skuli alirudi anapiga mluzi.

Jumatatu darasa likafunguliwa. Sileti zimepangwa, mkeka mpya, mtungi wa maji umejazwa. Mwalimu Saada, mama wa makamo kutoka Unguja aliyepewa ghorofa ya juu, amekaa na buibui lake la kutokea barabarani amelitundika, anangoja.

Hakuja mtoto.

Jumanne hakuja mtoto. Siku zilizofuata vilevile. Mimi nilikuwa nafagia mahali ambapo hapakuchafuka.

"Lakini walikubali!" Bwana Skuli akaniambia. "Niliwasikia kwa masikio yangu."

Niseme hapa, wakuu, kwamba hakuwa mtu wa dharau. Mwingine angesema hawa hawataki elimu, akafunga faili, akaenda kunywa chai. Yeye aliumia. Na alikuwa na sababu: wakubwa wake walimwambia kama darasa halina watoto mpaka meli ya Unguja ijayo, mwalimu apande meli hiyo arudi kwao na nyumba irejeshwe kwa mwenyewe. Meli ilikuwa ya wiki iliyofuata.

Akajaribu kupita nyumba kwa nyumba mwenyewe, na baiskeli yake. Saa za mchana! Wanaume wako madukani, ndani mna wanawake peke yao, nani atamfungulia? Alibisha mtaa mzima akasikia kuku tu.

Siku ile jioni Mwalimu Saada akaniita.

"Athmani, tangu nifike, umeona mwanamke yeyote wa mtaa huu kuja kunitazama?"

"Sijaona, Mwalimu."

"Sahani ya chakula imeletwa hapa?"

"Haijaletwa."

"Kwetu na kwenu ni mamoja," akasema. "Hawa wenye watoto hawajaalikwa. Walioitwa ni waume zao. Mwanamke wa heshima haendi kwenye shughuli ya mtu kwa tangazo la ukutani, wala kwa kusikia kwa mumewe. Akienda ataitwa mdukizi, mwenda asikoalikwa. Mimi nimekaa humu nangoja wao, nao wamekaa kwao wangoja mimi."

Akafikiri kidogo. "Mwalishi wa mtaa huu ni nani?"

Kwa wasiojua: mwalishi ni yule mama anayetumwa kualika watu harusini. Hupita mlango kwa mlango, akataja jina la mwenye shughuli na siku, akaenda zake. Haingii, haketi, hata maji hanywi, asije akaonekana amependelea nyumba moja. Na haruki nyumba. Ukirukwa, hapo umetukanwa, na itasemwa miaka.

Wa mtaa wetu alikuwa Bi Riziki, mjane, mnene, sauti yake ikifika kona kabla yake. Nikaenda nikasimama mlangoni.

"Hodi!"

"Nani weye?"

"Athmani, wa skuli."

"Ajabu! Skuli yaoa au yaolewa?"

"Haioi, Bi. Ina shughuli tu, yataka kualika."

"Shughuli ya nani?"

"Ya Bwana Skuli."

Akatoka nje nusu, mkono kiunoni. "Sikiza, mwanangu. Nikisimama mlangoni kwa mke wa mtu nimwambie akwalika mwanamume wa Kizungu, nitatoka na ufagio wa kichwa. Yule hana ukumbi. Hana mke hapa. Nani atawapokea watu, baiskeli?"

"Basi ni ya Mwalimu Saada," nikasema. "Yeye ndiye atakayewapokea."

Mkono ukashuka kutoka kiunoni.

"Yule mgeni wa Unguja? Kumbe yuwataka watu? Sisi twasema ana maringo, tangu aje hajatoa mguu nje." Akanitazama. "Mwambie nitakuja kumwona mwenyewe kwanza. Nimsikie. Skuli yenu mimi siipendi wala siichukii, lakini siku yangu ya kualika watu hawakosi kuja."

Alikuja, wakakaa ndani muda mrefu, nikasikia vicheko. Bwana Skuli alipopata habari akafurahi, akaja na maneno ameyatayarisha ili Bi Riziki ayaseme milangoni. Yalikuwa mazuri na marefu. Bi Riziki akiwa kizingitini akayasikiliza yote.

"Hayo ni ya msikitini, Bwana. Mimi nasema hivi: Mwalimu Saada awaalika nyumbani kwake Alhamisi baada ya adhuhuri, nyinyi na wana wenu wa kike. Basi."

"Na faida ya elimu?"

"Wakija watauliza wenyewe."

"Nami nitakuwepo kujibu."

"Hapana. Wewe usiwepo. Hata na hiyo baiskeli usipite."

Bwana Skuli akanigeukia. Kisha akaniuliza, kama anajiuliza mwenyewe, "Sasa nitajuaje kilichosemwa humo ndani?"

"Utaambiwa, Bwana."

"Nitaambiwa na mtu mwingine." Akatazama nakala ya lile tangazo lake ukutani mwa nyumba, jua limeshaipausha. "Kama hawa akina mama walivyoambiwa mimi nilisema nini."

Hilo alilisema mwenyewe, wakuu. Hakufundishwa na mtu.

Alhamisi wakaja. Sijapata kuona mabuibui mengi vile katika kichochoro kimoja pasipo msiba wala harusi. Waliingia na mabinti wao wameshikwa mikono, nywele zimesukwa. Mimi na Bwana Skuli tulikuwa mbali, kwenye kona kwa muuza kahawa. Alikunywa vikombe vingi hata muuza kahawa akamwambia, "Bwana, yeo hutalala."

Baadaye Bi Riziki akatokea, akanipungia.

"Wanauliza: skuli saa mbili, na chuoni saa mbili. Mwana apasuliwe nusu?"

Hapo ndipo penye jambo jingine ambalo wale wanaume hawakulisema. Saa ya darasa ilikuwa ileile ya kusoma Kurani. Hakuna mzazi ambaye angemtoa mtoto chuoni. Lakini mkutanoni, mbele ya mgeni mwenye cheo, nani angesimama amwambie umekosea? Wakasema ni jambo jema, kwa sababu ni jambo jema kweli, wakaenda zao.

Bwana Skuli angeweza kunituma mimi na jibu. Badala yake akaweka kikombe chini, akaenda kukaa juu ya baraza ya nje ya nyumba, mgongo kaupa mlango ulioachwa wazi kidogo. Akasema kwa sauti, akitazama ukuta wa mbele:

"Mama zangu, nawasikiliza."

Ndani kukawa na mnong'ono, kisha sauti ikasema, "Mwambieni asogee kivulini, atatuyeyukia mlangoni, tutasema nini kwa Serikali?"

Wakacheka. Akasogea, naye akacheka.

"Saa nitabadilisha," akasema. "Darasa litaanza saa nne, wakitoka chuoni."

"Wakubwa wako watakubali?" sauti nyingine.

"Nitawaambia nimekwisha kuwaahidi nyinyi."

Nikasikia "hewaa" moja ya chini chini.

"Na mlangoni atakaa nani?" Hii ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, nzito. "Isiwe kila apitaye achungulie."

"Yuko tarishi wangu, Athmani," Bwana Skuli akajibu kwa fahari kabisa. "Kijana mwaminifu. Usiku na mchana yupo. Hulala humu humu, chini ya ngazi."

Wakuu, nikasikia mle ndani vikombe vinawekwa chini.

"Hulala wapi?" akauliza yule mama.

Bwana Skuli akanitazama. Hakujua alichokosea, lakini alijua amekosea. Ndani nikasikia viatu. Watu wanatafuta viatu vyao. Mwalimu Saada alikuwa anasema jambo kwa haraka na hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Nyumba anayolala kijana asiye ndugu wa mtu, nani atamwacha binti yake humo? Na meli ilikuwa Jumamosi.

Sikufikiri sana. Nilikuwa nakipenda chumba kile. Kilikuwa na dirisha dogo linaloleta upepo wa bahari.

"Mama zangu," nikasema, "nimekwisha kuhama. Sasa hivi nachukua mkoba wangu. Mlangoni nitakaa mchana, nje, juu ya baraza hii. Ndani sitatia mguu tena."

Bi Riziki akaingia akanitolea mkoba wangu mwenyewe, akaunyanyua juu ili wote waliomo wauone ukitoka.

Viatu vikatulia.

"Haya, leteni hiyo kahawa," yule mama akasema. "Tulikuwa hatujamaliza."

Meli ya Unguja ilipoondoka, Mwalimu Saada hakuwemo.

Lakini mimi siku ile nilibaki kichochoroni na mkoba mkononi, kama nilivyofika. Bwana Skuli akaniambia atanitafutia mahali, kesho. Bi Riziki akapita mbele yangu mbio mbio.

"Waenda wapi, Athmani?"

"Sijui, Bi."

"Basi zunguka kwanza. Katazame bahari nyuma ya Ngome, usifanye haraka. Halafu shuka Mbaraki, uulize nyumba ya Shali fundi seremala. Mie nina mlango wa kubisha."

Nikazunguka. Ngome siku hizo ilikuwa jela, nikasimama kuwatazama wafungwa wakichota maji. Kisha nikashuka Mbaraki, upande ambao sikuwahi kufika, harufu ya lami na mbao. Nikaonyeshwa nyumba. Kabla sijamaliza kusema hodi, mlango ukafunguka, mzee ana vumbi la msumeno kwenye nyusi.

"Weye ndiwe Athmani?"

"Ndimi, mzee."

"Dada yangu alisimama hapo hapo uliposimama. Nikamwambia ingia, hakuingia. Keti, hakuketi. Nikampa maji akakataa, ndugu yangu wa tumbo moja! Akasema tu: Riziki akualikia mgeni, Athmani, yeo baada ya alasiri. Akaenda zake." Akasogea kando. "Ingia, mwanangu. Kitanda kipo."

Nilikaa kwake miaka.

Nilichojifunza si kikubwa. Kutangaza ni kazi ya dakika moja, na kualika ni lazima mtu asimame mlangoni kwa mtu, kwa jina la mtu, na awe tayari kuulizwa. Bwana Skuli hakuwahi kubandika tangazo tena mtaa ule bila kwanza kuuliza ni shughuli ya nani na nani atapokea watu. Nami mara nyingi hujiuliza, siku ile nilipoacha darasa la tatu, kama mtu mmoja angekuja kwetu akasimama mlangoni akataja jina langu, ningekuwa wapi.

Sijui. Pengine ningeondoka tu, miguu yangu naijua.

Haya, wakuu wenye watoto na wajukuu skuli, na walimu mliomo humu: mara ya mwisho mtu kubisha kwenu kwa ajili ya mtoto ilikuwa lini, na alikuja kusema nini? Nami nataka kujua. Macho ni mazito siku hizi, lakini mkiandika nitasomewa.