Mwanamke wa Suruali Ukutani Kwetu

Enzi zetu, mtoto wa Panda, mtaa wetu wa wafanyakazi wa kiwanda cha shaba, akitaka kuota ndoto za maisha alihitaji mkasi, unga na ukuta. Mkasi ulikuwa wa mama, naye alituazima kwa masharti mengi kuliko ya benki. Unga ulitoka kwenye gunia la posho ambalo kampuni ilimpa baba kila mwezi, pamoja na maharagwe na samaki wadogo wakavu. Na ukuta ulikuwa wa kampuni, kama nyumba yenyewe, kama shule yetu, kama taa ya barabarani iliyotuangazia tukiruka kamba mpaka tuitwe kula bukari, ugali wetu wa kule.

Picha zilitoka foaye, jumba ambako wake za wafanyakazi walifundishwa kushona. Mwalimu wao aliwagawia katalogi kuukuu za Ulaya waige mitindo, na mama akishamaliza nazo zilikuwa zetu. Masika, mvua ikipiga mabati, tulilala kifudifudi sakafuni, kaka yangu Kalenga, mdogo wetu Numbi na mimi, vidole vikinata utamu wa masuku, matunda ya porini, tukifungua ukurasa mmoja mmoja bila haraka. Karatasi zilinukia dunia nyingine. Sijui kama nimewahi tena kuwa na furaha tulivu kama ile.

Kalenga alibandika pikipiki juu ya kitanda chake. Numbi alibandika keki ya ghorofa tatu, na kwa kuwa gundi yetu ilikuwa uji mzito wa mahindi, panya walimlia keki yote wakamwachia mshumaa. Alilia utadhani keki ilikuwa ya kweli.

Mimi nilikuwa na mwanamke wangu. Alikuwa mrefu, amevaa koti jeupe na suruali, ameinua kichupa cha kioo kwenye mwanga anakitazama. Baba, aliyekuwa fundi wa mitambo kiwandani, alikuwa ametusimulia kwamba mawe ya shaba kabla ya kuyeyushwa hupelekwa labo, yaani maabara, yakapimwa na watu wenye makoti meupe. Nilipomwona yule mwanamke nilijua kwamba ndiye mimi nikiwa mkubwa. Nikambandika mahali ambapo ningemwona kila nikifumbua macho asubuhi.

Wenye umri wangu mmeshajua balaa ilikuwa wapi. Ilikuwa miaka ile ya chama kimoja, tulipoambiwa turudie asili yetu. Wanaume hawakufunga tai, sisi watoto tuliacha majina yetu ya ubatizo, na mwanamke kuvaa suruali ilikuwa marufuku. Jirani yetu Papa Kasongo ndiye aliyesimamia mambo ya chama kwenye avenyu yetu. Aliingia nyumba yoyote bila kupiga hodi, akakaa, akanywa munkoyo wa mahindi aliopewa, huku macho yake yakitembea kutani.

Baba alipoiona ile picha alishusha sauti, na hilo lilitutisha kuliko makelele.

"Batatufukuza mu nyumba juu ya karatasi?" alimwuliza mama.

Hakuwa anatia chumvi. Mtu akipoteza kazi, nyumba, shule na posho viliondoka pamoja. Akanyoosha mkono aichane. Mimi nikasimama mbele ya ukuta, wala sikusogea. Niliona kwamba picha ile ikichanwa, basi na mimi sitakuwa mtu yeyote.

Mama hakubishana na yeyote kati yetu. Alichukua kipande cha kitenge kilichobaki kwenye ushonaji wake, chenye maua ya njano, akakikata, akampaka yule mwanamke uji kuanzia kiunoni hadi miguuni, akamvisha. Kisha akarudi nyuma kumtazama, kichwa kimeinama upande kama fundi mbele ya mteja.

"Sasa iko mama ya kwetu," alisema.

Baba alijaribu kuendelea kununa, akashindwa. Na Papa Kasongo alipokuja alisimama mbele ya picha kitambo kizuri. Mwishowe akauliza kile kichupa kina nini. Mama akamjibu kwamba ni mafuta ya kula, yeye akaridhika, akaomba munkoyo mwingine.

Basi nikakua mbele ya macho ya mwanamke yule. Wapaka chokaa wa kampuni walipopita, baba mwenyewe, yule yule, aliwaomba waipitie pembeni picha ya binti yake. Nilisoma kemia mpaka nikaota harufu zake. Miaka ikapita, sheria ya mavazi ikalegezwa, nami nikaajiriwa labo.

Siku niliyorudi nyumbani na sare yangu ya kwanza, suruali ya bluu, mama alinizunguka akinikagua mishono. Halafu akaingia chumbani na tambara lililoloa, akaanza kukibandua kile kitenge taratibu. Kilitoka na wino wote. Chini yake karatasi ilikuwa nyeupe tupu, na mwanamke wangu hakuwa na miguu. Niliumia moyo, mtu mzima mimi. Mama akaacha kuitazama picha, akanitazama mimi.

"Haina mambo," alisema. "Miguu, weye uko nayo."

Siku hizi watoto hawahitaji uji wala ukuta. Majuzi mpwa wangu Gloire, anayeniita tantine kama shangazi zake wote, alitoka kanisani, ambako vijana walifundishwa kutengeneza ubao wa ndoto, picha za maisha anayoyataka mtu, na wake uko ndani ya simu. Una nyumba ya vioo, gari jeusi, ufuko wa nchi asiyoijua jina, na mume mwenye meno meupe mno, ambaye alishabadilishwa kabla ya Jumapili nyingine. Gloire mwenyewe huvaa suruali iliyochanika magotini, iliyonunuliwa hivyo hivyo imechanika, na hakuna wa kumwuliza. Ninamfurahia kwa hilo, kweli. Nikamwuliza, katika picha zote hizi, ya kazi ni ipi. Akaniangalia kwa upole, jinsi mtu anavyomwangalia mzee aliyesahau jambo.

"Tantine, kazi yenyewe iko wapi?"

Mama angekuwa na la kumjibu. Mimi nikasogea karibu naye, tukaendelea kuzitazama picha zake, moja baada ya nyingine, na zilikuwa nzuri.